Kuuza Mashine ya Kupimia Nje ya Nchi Mpaka Mteja Asaini: Mwongozo Kamili kwa Mtengenezaji

Watengenezaji wa mashine za kupimia hunijia na kisa kilekile, hubadilika nchi tu. Mashine ilitoka kiwandani ikifanya kazi vizuri. Ikafika, ikasimikwa, ikawashwa. Kisha mkaguzi wa mteja akauliza swali moja, karatasi moja ikakosekana, na asilimia kumi ya mwisho ya malipo sasa ina mwezi wa tano haijaingia. Faida yote ya mauzo ilikuwa ndani ya asilimia kumi hiyo.

Tatizo huanzia mbali. Wengi wanadhani wanauza chuma, pampu na skrini, kumbe anachonunua mteja ni namba: nondo hii imekatika kwenye kilonyutoni (kN, kipimo cha kani) kadhaa, na mhandisi, mkaguzi hata hakimu wataiamini namba hiyo. Kila hatua hapa chini inailinda namba ile isipotee njiani.

Mfano ninaoutumia ni mashine ya kuvuta nondo na kubana zege, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Ukitengeneza vipima-ugumu au mashine za nyundo (za kupima chuma kinavyohimili pigo), utaratibu ni huohuo, viwango ndivyo vinavyobadilika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala halali za viwango utakavyovitaja. Kwa mashine za kuvuta na kubana ni ISO 7500-1. Kwa vifaa vinavyopima sampuli inavyorefuka ni ISO 9513. Wateja wanaofuata utaratibu wa Kimarekani watakutajia ASTM E4. Nakala ya zamani uliyorushiwa na rafiki itakuumbua mbele ya mkaguzi.
- Maabara ya ugezi (ugezi ni kulinganisha kifaa na kipimo cha juu yake kinachoaminika) yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara.
- Faili la kiufundi la mashine: michoro, mpangilio wa umeme, tathmini ya hatari, kitabu cha maelekezo.
- Wakala wa forodha aliyewahi kupitisha mitambo. Aliyezoea nguo na simu atajifunzia kwako.
- Fundi masanduku mwenye idhini ya kupiga muhuri wa ISPM 15 kwenye mbao (kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao za kufungashia).
- Afisa wa benki anayeshughulikia malipo ya biashara ya nje, umjue kwa jina kabla hujamhitaji.
- Fundi wako wa kusimika mashine, mwenye pasipoti hai. Sitanii. Nimeona mkataba mzima ukisubiri pasipoti.

Hatua ya 1: Soma ombi mpaka uione sampuli

Ombi la kawaida huja hivi: "Tunahitaji mashine ya kuvuta nondo, kN 500, tupeni bei." Ukijibu kwa bei, umeanza vibaya. Uliza kwanza: sampuli yako kubwa kabisa ni ipi, na ndogo kabisa ni ipi?

Tuseme kubwa ni nondo ya milimita 32. Eneo la mkato wake ni milimita za mraba 804. Ikiwa chuma hicho hukatikia kwenye megapaskali 650 (yaani nyutoni 650 kwa kila milimita ya mraba), zidisha: 804 mara 650 ni nyutoni 522,600, yaani karibu kN 523. Mashine ya kN 500 aliyoiomba haitaikata. Itavuta mpaka mwisho wa uwezo wake, isimame, na nondo ibaki nzima inamtazama mteja. Kosa ni lake, lakini aibu itakuwa yako.

Upande wa chini ni wa hatari zaidi kwa sababu haupigi kelele. Mteja huyohuyo ana waya mwembamba unaokatika kwa nyutoni 400. Kihisi mzigo (kiungo cha mashine kinachosoma kani) cha kN 500, hata kikithibitishwa hadi sehemu moja ya mia ya uwezo wake, kinaanzia kN 5. Chini ya hapo skrini itaendelea kuonyesha tarakimu nzuri tu, ila hakuna cheti kinachozisimamia. Anahitaji kihisi cha pili, kidogo, na unapaswa kumwambia leo, usingoje mkaguzi amwambie.

Kwa zege, uliza pia mwendo wa kuongeza mzigo. Mchemraba wa milimita 150 una uso wa milimita za mraba 22,500. Kiwango cha Ulaya EN 12390-3 kinataka megapaskali 0.6 kwa sekunde, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.2. Hiyo ni kN 13.5 kila sekunde, mfululizo, bila kurukaruka. Pampu ya kusukuma kwa mkono haiwezi kuutunza mwendo huo, hata umsifu mpampaji vipi.

Majibu yote yaandikwe kwenye ukurasa mmoja: kiwango cha jaribio, sampuli kubwa na ndogo, daraja la usahihi, nani atakagua siku ya kupokea, na kwa kipimo gani. Mteja ausaini. Ukurasa huo utaurudia mara nyingi kuliko mkataba wenyewe.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kueleza jaribio la kwanza litakalofanywa kwenye mashine hiyo, na sampuli ipi, bila kumpigia mteja tena.

Hatua ya 2: Umeme, alama za usalama, na nukta ya desimali

Usiridhike na jibu la "umeme wa viwandani". Taka volteji, idadi ya fezi na hezi, vyote vitatu. Mota ya kawaida yenye ncha nne iliyosukwa kwa hezi 50 huzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika. Ipeleke kwenye hezi 60, itaelekea 1,800. Pampu yako ya haidroliki sasa inasukuma mafuta moja ya tano zaidi ya ulivyopanga, inapata joto, na ule mwendo wa kN 13.5 kwa sekunde unaanza kuyumba. Transfoma hurekebisha volteji, hezi haizigusi. Dawa ni kuagiza mota ya hezi za huko, au kutumia kifaa cha kielektroniki cha kuongoza mwendo wa mota.

Kuhusu alama za usalama, kila soko lina lake. Ukiuza Umoja wa Ulaya unahitaji alama ya CE. Kwa mashine ya aina hii inatokana na Maelekezo ya Mashine 2006/42/EC, ambayo yanapisha Kanuni (EU) 2023/1230 kuanzia tarehe 20 Januari 2027, pamoja na maelekezo ya uingiliano wa mawimbi ya umeme 2014/30/EU. Kwa mashine nyingi za kupimia ni wewe mtengenezaji unayefanya tathmini, unayeandaa faili la kiufundi na unayesaini tamko la ulinganifu. Chini ya Maelekezo hayo ya Mashine lazima pia kuwe na mtu aliye ndani ya Umoja wa Ulaya aliyetajwa kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kukusanya faili hilo.

Tahadhari: Hakuna ofisi inayoitwa CE inayogawa vyeti. Ukiuziwa karatasi yenye nembo za dhahabu kwa siku mbili bila mtu kuiona mashine, umenunua pambo la ukutani. Na Marekani alama ya CE haikusaidii. Mkaguzi wa umeme atatafuta alama ya maabara inayotambuliwa na OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya huko, zile zinazoitwa NRTL.

Kitabu cha maelekezo kiwe katika lugha ya mtumiaji. Tafsiri ya sehemu ya usalama isiachiwe programu peke yake.

Halafu kuna jambo dogo linalosahaulika na kila mtu: nukta. Ufaransa na Ujerumani, kama ilivyo katika nchi nyingi za Ulaya, desimali huandikwa kwa mkato. Programu yako ikitoa 1.250 ikimaanisha kilonyutoni moja na robo, kompyuta ya mteja inaweza kuisoma elfu moja mia mbili hamsini. Jaribu programu yako kwenye kompyuta iliyopangwa kwa lugha na nchi ya mteja, toa ripoti, ifungue kwenye jedwali, usome namba moja moja. Ni kazi ya saa moja.

Hatua ya 3: Ijue mashine yako inavyoitwa forodhani

Mashine za kupima ugumu, uimara na ubanikaji wa vitu ziko kwenye kichwa 9024 cha mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. 9024.10 ni za kupima metali, 9024.80 ni za vitu vingine, 9024.90 ni vipuri na viambata. Tarakimu sita hizo ni sawa kote zinakotumika. Zinazofuata kila nchi huweka zake.

Swali linakuja kwa mashine kama hii yetu, inayovuta nondo na kubana zege pia. Iingie wapi? Usikisie. Mwambie mteja aombe uamuzi wa awali wa mamlaka ya forodha ya nchi yake kabla hujasafirisha. Kubishana kuhusu namba mashine ikiwa bandarini kunalipiwa kwa siku.

Hakikisha pia mashine yako haimo kwenye orodha za bidhaa zenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi. Mashine za kawaida za kuvuta na kubana kwa kawaida hupita. Zinazotikisa vitu kwa mtetemo ni habari nyingine: mifumo yenye nguvu ya kN 50 na zaidi, ikiwa na sifa nyingine zilizotajwa, imo kwenye orodha ya MTCR, utaratibu wa kudhibiti teknolojia ya makombora. Hapo utahitaji leseni, na tamko la mtumiaji wa mwisho.

Hatua ya 4: Masharti ya kukabidhi na malipo

Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za nani abebe gharama na hatari ya mzigo mpaka wapi, ina masharti 11. Matatu hutosha kwa biashara hii, na mengine mawili ya kukwepa.

Kwepa EXW, japo inavutia kwa kuwa "mteja anakuja kuchukua mwenyewe". Kwa EXW mteja ndiye mwenye jukumu la taratibu za kutoa mzigo nchini mwako, mahali ambapo hana usajili wala mtu. Mwishowe utazifanya wewe, bila mkataba kukulinda. Kwepa DDP pia, ya kufikisha mzigo ushuru ukiwa umelipwa na wewe, kama hujasajiliwa kikodi nchini kwa mteja, maana ushuru na kodi za huko zitakuwa juu yako.

FCA, ambapo unamkabidhi mzigo msafirishaji wa mteja, ni nzuri kwa mteja mwenye wakala wake. DAP kwa mteja anayetaka ufikishe mpaka mlangoni huku ushuru akilipa yeye. Mimi napenda CIP, ambapo unalipia usafiri na bima, kwa mashine hizi, kwa sababu ya bima yenyewe: katika toleo la 2020 CIP inakutaka ukate bima pana, ile ya Vifungu A vya bima ya mizigo, kwa asilimia 110 ya thamani. CIF, mwenzake wa mzigo wa meli, inaridhika na Vifungu C, ambavyo ni vyembamba sana. Kihisi mzigo kikipigwa dharuba kwenye foklifti, Vifungu C havikujui. Na ikiwa mzigo unaingia kwenye kontena, FOB, ya kukabidhi mzigo juu ya meli, haikufai, haijalishi mteja amezoea kuiandika.

Malipo: gawa mara tatu, na sehemu ya mwisho iwe ndogo. Mpango wa asilimia 30 kabla ya kazi, 60 kwa nyaraka za usafirishaji na 10 baada ya kupokelewa ni wa kawaida. Lakini andika sentensi hii kwenye mkataba: jengo la mteja lisipokuwa tayari, asilimia 10 inalipwa siku 90 baada ya mzigo kusafirishwa. Bila sentensi hiyo umemkopesha mteja hadi atakapomaliza kupaka rangi maabara yake.

Ukilipwa kwa hati ya benki inayoahidi malipo, ile tunayoiita LC, kumbuka benki zinafanya kazi na karatasi, mashine haziioni wala haziitaki. Chini ya UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, maelezo ya bidhaa kwenye ankara lazima yaafikiane na yaliyo kwenye LC. Imeandikwa "mashine ya kupimia kN 600 pamoja na viambata"? Nakili hivyohivyo. Usiboreshe Kiingereza cha mtu. Una siku 21 baada ya kusafirisha kuwasilisha nyaraka, labda LC yenyewe iseme vingine, na benki ina siku tano za kazi kuzikagua. Soma LC siku inapofika. Sharti usiloliweza omba libadilishwe hapohapo; ukingoja meli iondoke, huna tena nguvu ya kuomba.

Hatua ya 5: Ugezi kabla ya kutoka, na jaribio mbele ya mteja

Hapa ndipo ile namba inapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

ISO 7500-1 ina madaraja ya 0.5, 1, 2 na 3. Daraja la 1, linaloombwa na wengi, linaruhusu kosa la asilimia 1 juu au chini, na usomaji ukirudiwa tofauti zisizidi asilimia 1. Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Iache mashine na kifaa cha kulinganishia vikae chumba kimoja mpaka joto lisawazike. Chumba kiwe kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi.
2. Ipakie mashine hadi mwisho na kuirudisha sifuri mara tatu kabla ya kuanza kuandika chochote. Vyuma navyo vinahitaji kunyoosha viungo.
3. Chukua angalau pointi tano, zikitawanyika kati ya asilimia 20 na 100 ya kipimo, kwa mizunguko mitatu. Kama mteja atatumia mashine chini ya asilimia 20, na karibu wote hufanya hivyo, ongeza pointi za huko chini.
4. Kifaa cha kulinganishia kiwe na cheti cha ISO 376, cha daraja sawa na la mashine au bora kuliko hilo.

Cheti kitolewe na maabara yenye ithibati inayotambuliwa chini ya makubaliano ya kimataifa ya kutambuana ithibati, ili mkaguzi wa upande wa pili wa dunia akitambue bila kubishana. Karatasi iliyosainiwa na fundi wako mwenyewe ni nzuri kwa faili lako la ndani, ikaishie humo.

Tahadhari kwa wanaotumia mawe ya mizani: Mashine inapima kani, mawe ni ya kilo. Kani ya jiwe hutegemea mvutano wa dunia mahali ulipo, nao haulingani kila pahali: karibu na ikweta usawa wa bahari ni takriban mita 9.780 kwa sekunde mraba, karibu na ncha za dunia ni takriban 9.832. Jiwe la kilo 100 linaning'inia kwa nyutoni 978 huku, na 983 kule. Tofauti ni zaidi ya nusu asilimia, yaani umekula nusu ya ruhusa ya daraja la 1 kabla mashine haijakosea chochote. Tafuta thamani ya mvutano ya mahali hasa, uiandike kwenye hesabu. Kutumia 9.80665 kila pahali kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kitabu cha shule ni kosa ninalolikuta kila mara.

Cheti kikitoka, mwite mteja aje au aangalie kwa video. Pima sampuli alizozituma yeye mwenyewe. Mwache achague ipi ianze. Kata tano za aina moja, linganisha, sainini karatasi ya majaribio. Sampuli zilizokatika ziwekee lebo, mpe nusu, nusu ubaki nazo. Siku atakaposema mashine inasoma pungufu, mtakuwa na kitu cha kuanzia mazungumzo.

*Umefaulu ikiwa* mkononi una cheti chenye nambari za mashine, kihisi na programu zinazofanana na zilizobandikwa kwenye mashine. Zisome kwa sauti, mmoja akitazama cheti, mwingine akitazama chuma.

Hatua ya 6: Fungasha kama vile hutaiamini njia

Boriti inayopanda na kushuka ndiyo adui mkubwa. Ikiachwa huru, kwenye kila shimo la barabara inakipiga kihisi mzigo kwa uzito wake wote. Ishushe juu ya magogo, ikaze, na kihisi ukiweza kitoe ukisafirishe kwenye kisanduku chake chenye sponji. Kwa mashine za nyundo, nyundo itoke na isafiri peke yake.

Mwaga mafuta ya haidroliki. Kama kuna tangi la gesi ya kuongeza msukumo, litolewe shinikizo. Betri za lithiamu kwenye visomaji au kompyuta zitajwe kwa wakala, kwa kuwa zina kanuni zake, hasa kwa ndege.

Paka mafuta ya kuzuia kutu kwenye skrubu na taya, funika kwa nailoni nzito, weka vifuko vya kunyonya unyevu, kisha ziba kabisa. Kontena likipita kutoka joto hadi baridi, mvuke ulio ndani hugeuka matone kwenye paa na kudondoka juu ya mzigo. Mabaharia huiita mvua ya kontena. Skrubu iliyong'arishwa kwa wiki mbili inaweza kufika nyekundu.

Mbao: kanuni ya ISPM 15 inataka mbao ghafi za kufungashia zipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au zitibiwe kwa njia nyingine inayokubaliwa, kisha zipigwe muhuri. Plaiwudi haihusiki. Niliwahi kukwamisha mzigo kwa kipande kimoja. Sanduku lote lilikuwa na mihuri, safi. Dakika ya mwisho kijana akaona mota inacheza kidogo, akaokota kibao sakafuni akakigongomea chini yake. Mkaguzi wa mimea bandarini alikwenda moja kwa moja kwenye kibao kile. Tangu hapo, karakana ya kufungashia haina mbao zisizo na muhuri, hata ya kukalia.

Pima urefu wa sanduku, halafu pima tena. Kontena la kawaida ndani lina karibu mita 2.39 kwenda juu, lakini mlango wake ni karibu mita 2.28. Mashine ya mita 2.2 ukiiweka juu ya godoro la mbao haipiti mlangoni, ingawa ndani ingeenea. Hapo unataka kontena refu. Chora pia alama ya kitovu cha uzito pande mbili za sanduku, bandika viashiria vya mtikiso na vya kulala ubavu, na piga picha kila hatua kabla ya kifuniko. Bila picha, kampuni ya bima itakuambia ulifungasha vibaya.

Uzito uliothibitishwa wa kontena ni lazima utangazwe kabla halijapakiwa melini. Ni sharti la SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, tangu Julai 2016. Pima, usikadirie.

Hatua ya 7: Nyaraka

Ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, cheti cha bima, cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha ugezi, tamko la ulinganifu linapohitajika, na nakala ya uamuzi wa forodha. Jina la mashine liwe lilelile kwenye zote. Kilo kwenye orodha ya vifurushi zilingane na kilo kwenye hati ya shehena.

Vipuri vya bure navyo viandikwe thamani. "Bure" haikubaliki forodhani, na kuandika sifuri huamsha maswali kwa mzigo mzima. Kabla ya kutuma chochote benki, mtumie mteja rasimu zote kwa barua pepe na umtake aandike "sawa". Basi.

Hatua ya 8: Simika, kisha fanya ugezi upya

Mchoro wa msingi wa zege na orodha ya mahitaji (umeme, nafasi, upana wa milango, kreni au foklifti) mteja awe nayo wiki nane kabla ya mashine kufika. Mwombe picha za chumba, akiweka futi ya kupimia mlangoni. Fundi wako asikate tiketi kabla hujaziona.

Akifika, aanze kwa viashiria vya mtikiso akiwa na mteja, na picha. Kiashiria kimekuwa chekundu? Iandikwe kwenye hati ya kupokea mzigo siku hiyohiyo, kabla dereva hajaondoka. Kisha mashine iwekwe sawa kwa pimamaji pande zote mbili, boliti zikazwe, mafuta yajazwe, izungushwe tupu.

Na sasa jambo linalokwamisha ile asilimia 10 kuliko yote mengine. Mashine ikihamishwa kwa kufunguliwa vipande, ISO 7500-1 inataka ifanyiwe ugezi upya. Cheti kizuri ulichokitoa kiwandani kinaeleza mashine ilivyokuwa kule. Mkaguzi anayejua kazi yake atataka kilichofanywa hapa, juu ya msingi huu. Kwa hiyo maabara ya ugezi ya nchini kwa mteja itafutwe wakati wa kuandika bei, na iandikwe wazi nani anailipa. Ukingoja fundi awe amefika, ataambiwa nafasi ipo wiki tatu zijazo, naye ana tiketi ya Ijumaa.

Ugezi ukipita, kata sampuli zilizobaki za kundi lile la Hatua ya 5. Majibu yakikaribiana na ya kiwandani, toa ule ukurasa mmoja wa Hatua ya 1, weka tiki kwenye kila mstari, mteja asaini chini. Asaini akiwa amesimama mbele ya mashine, kabla ya chai. Akisema ataisoma na kuituma, mwambie fundi asubiri.

Hatua ya 9: Mashine ya pili

Ugezi hurudiwa, kwa kawaida kila baada ya miezi isiyozidi 12. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda yako, mwandikie mteja mwezi wa kumi tangu ugezi wa mwisho. Siku ya ugezi ndiyo siku ambayo anaiangalia mashine kwa makini, ndipo anapokumbuka taya zimelika na kwamba mwenzake wa kiwanda cha jirani aliulizia.

Fundisha mtu mmoja kule kubadilisha taya, sili na fyuzi, na mwachie kisanduku cha vipuri hivyo tangu siku ya kusimika. Mashine iliyolala wiki sita ikisubiri sili inakupotezea wateja usiowajua.

Soko la pili lichague kwa ratiba ya fundi. Nchi ambayo fundi anaweza kuipitia akitoka kwa mteja wa kwanza, yenye umeme uleule na inayofuata viwango vilevile, ni bora kuliko soko kubwa la upande mwingine wa dunia. Faili la kiufundi ni lilelile, tafsiri labda ni ileile, maabara ya ugezi mnafahamiana. Unapopata wateja watatu katika eneo moja, safari moja ya fundi inagawanyika kwa watatu, na hapo ndipo bei yako ya huduma inaanza kufidia gharama zake yenyewe.